Malalamiko Kuhusu Kiti Changu Katika Chombo cha Anga

Aron Kipchirchir,
Boito, Konoin.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka huku kwetu, ambako mvua imekubali kunyesha na majani ya chai yanakua haraka kuliko mikono yetu. Naomba uichape barua hii ili imfikie mwenye kampuni ile inayopeleka wanaanga kwenye kituo cha angani kwa chombo chake cha biashara. Mimi simjui, na inaonekana yeye pia hana haja ya kunijua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Televisheni ilitangaza kwamba safari hiyo ni ya kimataifa. Nikawakazia macho wale wanne waliochaguliwa. Kila mmoja alikuwa na bendera ya nchi yake begani, na hakuna hata mmoja aliyetoka Konoin. Tena mmoja wao alieleza kwamba huko juu chai hunyonywa kwa mrija kutoka kwenye mfuko. Mhariri, sisi tumechuna majani tangu ujana mpaka migongo ikapinda, ili mtu aje ainyonye chai yetu kama dripu ya hospitali? Kungekuwa na mtu wa Boito humo ndani, jambo hilo lingekoma mara moja. Niliamua mtu huyo niwe mimi.

2. Binti yangu Chepkurui, ambaye yuko chuo, alituma maombi yangu kwa simu yake. Jibu lilikuja kabla hajairudisha simu mfukoni: "Tunakushukuru kwa kutuandikia. Wewe ni muhimu kwetu." Chepkurui akasema, "Baba, hiyo ni mashine. Inajibu kila mtu hivyo." Nikamwambia mashine haina shukrani. Sasa nauliza: kama hawakunitaka, kwa nini waliniambia mimi ni muhimu? Tangu nizaliwe, hakuna ofisi iliyowahi kuniambia maneno kama hayo.

3. Kwa sababu ya jibu hilo nilianza mazoezi. Nilisikia kwamba wanaanga hulala wamefungwa ukutani, kwa hivyo baada ya chakula cha mchana nikajifunga ukutani kwa kamba ya ng'ombe. Mke wangu Tecla akaja, akaifungua, akaenda nayo zizini, nami nikabaki sakafuni. Nilipolalamika alisema, "Baba Chepkurui, kamba ina mwenyewe." Kisha nikaazima helmeti ya Calvince wa bodaboda ili nizoee kofia ya angani. Iliingia vizuri, ikakataa kutoka. Jumapili mchungaji akasema, "Wanaume, tuvue kofia tuombe," na kanisa lote likanigeukia. Niliomba nikiwa nayo kichwani. Naamini Mungu alinisikia, ingawa mimi sikuisikia amina. Ilitolewa na Janefer, mke wa jirani yangu Onyancha, kwa mafuta ya kupikia, na sikio langu la kushoto bado linamlaumu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Niliwaalika watu waje kuniaga. Walijaa sebuleni, wengine wakatoka hata Kapkatet. Mbuzi akachinjwa, mursik, yale maziwa yetu ya mgando, ukamiminwa kutoka kibuyuni. Mzee Kipkirui, ambaye binti yake ameolewa Chebunyo, akaniomba nikifika juu niangalie ni nini kinachoizuia mvua ya kule. Nikasimama kuhutubu. Nilikuwa nikiahidi kuwapungia mkono wote nikipita, wakati Onyancha, aliyekaa karibu na televisheni, aliponiambia polepole, "Mzee, hawa si ndio wanaondoka?"

Tukageuka. Chombo kilikuwa kinapaa na moto chini yake, wale wanne wakiwa ndani. Mimi nilikuwa nimesimama na mfupa wa mbuzi mkononi.

Hakuna aliyecheka, Mhariri. Afadhali wangecheka. Kila mtu alitazama viatu vyake. Ndipo Tecla akazima televisheni, akasema, "Watu wa Mungu, chai iko, na nyama haijaisha." Akanipa mimi kikombe cha kwanza, mbele ya wageni wote, akakaa kando yangu mpaka wa mwisho alipoondoka. Hajawahi kulitaja jambo hilo tena.

5. Kwa hivyo nadai kampuni iniombe radhi kanisani, na iniwekee kiti cha dirishani katika safari ijayo. Ikishindwa, chombo chao kije kitue hapa kwenye kituo cha kuuzia majani, ila kisizuie lori la kiwanda. Wasipofanya hivyo, wakulima wote wa Konoin watagoma, na tutaona watanyonya nini kwenye ile mifuko. Kamati ya mgomo imeshaundwa. Kwa sasa mwanachama ni mimi.

Nisalimie wa nyumbani kwako na wote mnaofanya nao kazi. Wasalimie pia wale wanaanga, kwa maana wao hawakunikosea, waliitwa, wakaenda.

Ni mimi, niliyeachwa chini,
Aron Kipchirchir.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshafunga bahasha Tecla aliponiita nipande nizibue mfereji wa paa. Nilipofika usawa wa dirisha nikatazama chini, na miguu ikakataa kupanda, ikakataa kushuka. Niliikumbatia ngazi nikiimba wimbo wa mazishi mpaka Onyancha akaja kunishusha mgongoni kama mtoto. Tecla akafunga leso kiunoni, akapanda mwenyewe. Akauzibua mfereji, kisha hakushuka. Alikaa juu ya mabati akitazama mashamba mpaka yanapoishia, akacheka peke yake, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau.

"Unaona nini huko?" nikamuuliza.

"Kila kitu. Kumbe tunakaa mahali pazuri hivi!"

Nikamuuliza kama angepewa kiti angeenda.

"Hata leo," akasema. "Lakini ni nani ameniuliza?"

Kwa hivyo, Mhariri, futa jina langu kila mahali, uandike Tecla Cheptoo. Mimi kazi yangu ni kushika ngazi. Ila uwasisitizie wamrudishe.