Uzinduzi wa Mwendo Halisi, Toleo la Pili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye pia ni shemeji yangu. Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi. Mheshimiwa Kaimu Naibu Mkurugenzi wa Magurudumu. Kamati ya Mvua. Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Mvua. Wadau na mashabiki sugu wa mchezo wetu wa kompyuta wa mbio za magari. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu kwenye wengineo. (Makofi kutoka safu ya mbele, walikoketi wafanyakazi wa shirika.)

Ndugu wadau, nasimama hapa kifua mbele, mimi Mkurugenzi Mkuu wenu, kwa sababu katika miaka sita ya uongozi wangu shupavu shirika limepokea kutoka kwenu barua elfu nne mia moja na kumi na mbili, ambazo kitengo chetu cha mrejesho kimezipima kwenye mizani na kuthibitisha pasi na shaka kwamba hakuna mchezo unaoandikiwa barua nzito kuliko wetu. (Sauti kutoka nyuma: "Mlizisoma?") Kusoma kumo kwenye mpango mkakati wa awamu ya tatu.

Nafahamu kuna minong'ono. Inasemekana kwamba katika Toleo la Kwanza mvua hunyesha lakini barabara hailowi, na kwamba gari likigonga ukuta hutokea upande wa pili likiwa limeshika nafasi ya kwanza. Tena yupo humu ukumbini fundi mmoja wa breki ambaye, badala ya kufurahia rangi zetu nzuri, alikaa na saa mkononi akaandika kurasa arobaini kuonyesha kwamba breki zetu hushika kabla hazijakanyagwa. Jamani, huyo ni shabiki wa namna gani? Mchezaji wa dakika kumi ametupa asilimia tisini na saba ya kuridhika na hajatusumbua tena, ilhali ninyi mliocheza saa elfu tatu ndio mnaonung'unika, kwa hiyo takwimu zinajieleza zenyewe: tatizo si mchezo, tatizo ni kuucheza. (Kicheko. Mkurugenzi anakipokea kwa kuinama.)

Namwona pia pale safu ya tatu mzee wetu, dereva mstaafu wa malori, aliyekatwa miguu yote miwili baada ya ajali, akiwa na binti yake, na mapajani amepakata usukani alioutengeneza mwenyewe, wenye vishikio vya breki vya baiskeli ili mafuta na breki vyote viwe vya mkono. Mzee huyu ametuandikia kila mwezi kwa miaka sita akiomba jambo moja tu, kwamba mchezo ukubali kuendeshwa kwa mikono, aonje tena barabara kabla macho nayo hayajamwacha. Nami nilimwahidi mwaka wa kwanza, nikamwahidi mwaka wa tatu, na leo namwahidi kwa kishindo. ("Mkurugenzi, nimekuja nao," anasema mzee. "Nichomekeeni nizunguke mara moja tu.") Shikamoo mzee wangu. Mzunguko mzima ni mwingi kwa hatua tuliyopo. Tuanze na robo, na hiyo robo tuiundie kikosi kazi. ("Baba ameamka alfajiri kwa ajili ya hili," anasema binti.) Subira yavuta heri, binti yangu, na heri yenu imeshafika getini.

Kwani hamkuiona ile sinema ya Toleo la Pili tuliyowaonyesha ukutani kabla sijasimama? Vumbi linatimka, barabara inalowa, gari linakata kona kama limetumwa, hadi fundi wa breki mwenyewe akasimama kwenye kiti. ("Zile breki zilikuwa sahihi," anasema fundi. "Hapo nimekubali.") Limeingia kwenye kumbukumbu, liandikwe!

Mwendo Halisi! (Safu ya mbele: "Mbele kwa mbele!") Usukani mikononi! (Safu ya mbele, baada ya kukonyezwa: "Matumaini moyoni!")

Kwa heshima na taadhima namshukuru dereva wa ofisi, aliyelizungusha gari la shirika nyuma ya ghala huku mpiga picha akiwa kiti cha nyuma, nami nitamfikishia pongezi za fundi kuhusu breki. Namshukuru mtunza bustani aliyeshika mpira wa maji kwa upande wa mvua. Nawashukuru pia waandishi wa programu, ambao tutawaajiri mara tu Bodi itakapokubaliana tangazo liandikweje. Na mzee wangu, nakuomba usiondoke na huo usukani: wafadhili wanakuja kesho kukagua mradi, na mpaka sasa hicho ndicho kitu pekee tulicho nacho cha kuwaonyesha. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Makofi kutoka safu ya mbele. Mzee anaufunika usukani kwa koti lake. "Nisukume twende nyumbani, mwanangu," anasema. "Hawa hawajui hata gari.")