Marehemu Anakuja Jumapili

Jumanne, 3 Mei 1966. Ennis.

Nimekuwa mtu maarufu! Redio ilipiga wimbo wetu mara mbili jana, na mara zote mbili mtangazaji akasema umeimbwa na Wana wa Fergus, na kwamba ni wimbo wa kale uliookolewa na Malachy Crotty. Malachy Crotty ni mimi. Mama alisimama jikoni na sufuria ya viazi mkononi mpaka mvuke ukaisha.

Nilipigana wiki tatu ili jina langu liandikwe kwenye jalada la santuri. Colman Devane hakutaka. Colman ndiye mwimbaji wetu. Ana sauti, sikatai. Ana ndevu pia, nyekundu, na wasichana wanazipenda. Lakini ubongo wa kundi ni mimi, na banjo ni mimi.

Hapa naweza kusema, maana daftari hili nalificha chini ya godoro. Wimbo si wa kale. Niliutunga Februari, nikiwa nimejikinga na mvua kwenye makaburi ya Kilvarna. Habari yenyewe ni hii: mwaka wa 1921, wakati wa vita vya uhuru, wanaume wamewavizia askari wa Kiingereza darajani, mmoja anashikwa na woga, anatupa bunduki kwenye kinamasi, anakimbia kama sungura, rafiki yake anabaki peke yake na kuuawa. Nilihitaji jina la huyo mwoga. Nikalichukua kwenye jiwe la kaburi lililokuwa mbele yangu: Bartley Considine. Jina tamu, linaimbika. Na marehemu hawezi kunishtaki.

Watu nimewaambia nimeupata kwa mzee mmoja wa Kilrush asiye na meno, akiwa kitandani anakata roho.

Baadaye, saa kumi. Attracta Linnane, mpiga fidla wetu, ambaye mchana hufanya kazi posta, amekuja kuniambia kuwa mzee mmoja alifika dirishani kwake akiuliza Crotty wa redioni anaishi wapi. Nikamuuliza ni mzee gani. Akasema ni mhunzi wa Kilvarna, anaitwa Bartley Considine.

Nimekaa chini. Hapakuwa na kiti.

Jumatano, 4 Mei.

Nimekwenda Kilvarna kwa baiskeli. Nilijipa moyo njia nzima kwamba atakuwa mwanawe, au binamu. Nikalisoma jiwe upya, safari hii bila mvua machoni. Juu limeandikwa Honor Considine, alizaliwa, alifariki. Chini yake, mumewe Bartley, alizaliwa 1895. Kisha hakuna kitu. Nafasi tupu, imelainishwa vizuri, inasubiri.

Nani huyo anayejichongea jiwe kabla ya kufa!

Nikiwa bado nimepiga magoti nikasikia nyundo. Karakana yake iko ng'ambo ya ukuta wa kanisa. Nikachungulia. Ana miaka sabini na moja, lakini mikono ile haijui. Kila mmoja ni kama mkate mzima wa kilo mbili. Ukutani ametundika picha yake iliyokatwa gazetini: Pasaka, gwaride la miaka hamsini ya maasi ya 1916, yeye mstari wa mbele, nishani kifuani. Shujaa wa wilaya. Na mimi nimempa nchi nzima wimbo wenye kiitikio cha "Kimbia, Bartley, kimbia."

Nikakimbia. Mnyororo wa baiskeli ulinitoka mara mbili, sikusimama kuurudisha. Niliisukuma.

Alhamisi, 5 Mei.

Barua. Mwandiko mkubwa, kalamu imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka. "Nitakuja kwenye tamasha lenu Jumapili, ukumbi wa parokia. Nataka kumtazama usoni mtu aliyeuleta wimbo ule. B. Considine."

Nimeisoma mara kumi na moja. Neno linalonisumbua ni "usoni".

Mpango wa kwanza: kubadilisha jina. Mazoezini nikapendekeza aitwe Barney Constantine. Colman akakataa katakata, akasema santuri ziko madukani, watu wanauimba baa zote kuanzia hapa hadi Galway, je, nataka azomewe? Nikasema ni heshima kwa familia. Attracta akaishusha fidla.

"Malachy, hebu nikumbushe. Yule mzee wako wa Kilrush asiye na meno alikuwa anaitwa nani?"

"Patrick."

"Wiki iliyopita alikuwa Michael."

Nikasema ni Patrick Michael. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaendelea kupaka nta upinde wake. Simpendi anaponitazama hivyo.

Nimeshindwa kula. Mama amepika nyama ya nguruwe na kabichi, na kila kisu kilipogonga sahani nilisikia nyundo.

Ijumaa, 6 Mei.

Mpango wa pili, na huu ni wa akili kubwa.

Nilimfuata Colman dukani kwa baba yake, anakouza misumari na rangi. Nikamwambia dhamira inanisuta. Nikamwambia wimbo ule ungebaki maneno matupu kama si sauti yake, kwa hiyo kwa haki yeye ndiye aliyeuokoa, na jina langu lisitajwe tena. Aliduwaa. Machozi yakamlengalenga.

"Ndugu yangu," akasema, "nilikuwa nakuona mchoyo. Nisamehe."

Akanikumbatia mbele ya wateja. Nikatoa karatasi niliyokuja nayo, nikatia sahihi kwamba wimbo si wangu, haujawahi kuwa wangu, na sidai chochote. Kisha nikaenda mbio gazetini. Kesho watachapisha: Marekebisho. Mwokozi wa wimbo ni Bw. Colman Devane, peke yake. Neno "peke yake" niliomba mimi.

Ninajisikia vibaya kidogo. Huenda Colman akavunjwa pua. Lakini haimbi kwa pua. (Attracta anasema anaimba kwa pua.)

Jumamosi, 7 Mei.

Marekebisho yametoka, ukurasa wa tatu. Hata hivyo sikulala. Je, kama mzee hasomi gazeti?

Mpango wa tatu: ugonjwa. Nikabaki kitandani nikigumia. Mama akanipaka haradali ya moto kifuani, kisha akaleta mafuta ya mbarika ya kuharisha na kijiko kikubwa. Nikapona.

Mpango wa nne: ndevu. Barua inasema usoni. Basi uso usiwepo! Nimechomoa manyoya ya farasi kwenye kochi la marehemu baba na kuyabandika kwa gundi ya seremala. Nimejiona kwenye kioo, nikaogopa mwenyewe. Mama ameuliza kama huu ni ugonjwa uleule au mwingine.

Jumapili, 8 Mei.

Naandika kabla sijasahau, ingawa ningependa kusahau.

Tamasha lilianza saa tisa alasiri. Ukumbi umejaa hadi madirishani. Sisi jukwaani na sweta zetu nyeupe za sufu nzito, zinazotupika kama viazi kwenye jivu. Attracta alipoziona ndevu zangu alisogeza kiti chake mbali.

Mzee Considine alikuwa safu ya tatu. Suti nyeusi, nishani, na magotini kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. Nilikijua kabla hakijafunguliwa: ni bunduki. Hakuna mtu anayekuja kusikiliza nyimbo na koleo.

Nilipiga banjo kwa kasi hadi Colman akakosa pumzi. Nilitaka tumalize, turudi nyumbani, tuzeeke. Lakini watu wakaanza kupiga miguu sakafuni wakiudai wimbo wa Bartley, na Colman, asiyejua lolote, akauanza. Ubeti wa kwanza, sawa. Kwenye "Kimbia, Bartley, kimbia" ukumbi mzima ulipokea, isipokuwa benchi mbili za watu wa Kilvarna. Wao walikuwa wametazama viatu vyao.

Ubeti wa pili mzee akasimama.

Wimbo ukakatika. Alitembea hadi mbele, polepole, gunia mkononi, na kila hatua mbao zililia. Mimi nilikwisha kuwa nyuma ya Attracta.

"Toka hapo nyuma," akaninong'oneza. "Mimi si ukuta wako."

Mzee akauliza ni nani kati yetu anaitwa Colman Devane. Alikuwa amesoma gazeti! Nilimshukuru Mungu, na papo hapo nikaona haya, kwa sababu Colman alipiga hatua mbele bila kusita. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko sweta, lakini alipiga hatua.

"Ni mimi, mzee wangu."

"Nani alikuambia?"

"Aliniambia nini, mzee?"

"Kwamba nilikimbia."

Hakuna aliyekohoa. Katika ukumbi wa parokia, mwezi Mei, watu mia tatu, na hakuna aliyekohoa.

Mzee akasema walijua watu wawili tu. Mmoja alikufa palepale darajani. Wa pili ni yeye. Hata Honor hakumwambia, miaka thelathini na minne ya ndoa. Kila Pasaka walimweka mstari wa mbele, naye alikwenda, kwa kuwa hakujua namna ya kukataa bila kusema sababu. Aliposikia redio, nyundo ilimwanguka mguuni. Alidhani Dinny, yule aliyekufa darajani, ndiye anayeimba.

Akafungua gunia. Bunduki, kutu tupu, mdomo umezibwa na udongo wa kinamasi. Aliiopoa wiki moja baadaye, akaificha kwenye paa la karakana miaka yote hii. Akaiweka jukwaani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha akaivua nishani, akaiweka kando yake.

"Wimbo wako ni wa kweli, kijana. Umekosea jambo moja. Umeimba 'rafiki yake' tu, hukumtaja. Aliitwa Dinny Hogan. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliniita kwa jina mara mbili, nami nilisikia mara zote mbili. Mtaje. Sitaki kingine."

Colman akashuka, akaketi ukingoni mwa jukwaa kando yake, akauimba ubeti wa mwisho bila ala yoyote, na mahali pa "rafiki yake" akaweka Dinny Hogan. Jina lilikaa kana kwamba nafasi ile iliachwa kwa ajili yake. Bibi mmoja alitoka benchi za Kilvarna, akapita katikati ya viti, akaketi upande wa pili wa mzee. Attracta akaniambia ni dada yake Dinny. Alimpangusa tu kutu kwenye mkono wa koti.

Hofu yangu haikuondoka. Ilibadilika, ikawa nyingine. Nilikuwa nimekaa kwenye mvua nikatunga uongo ili niuze santuri, na uongo ule ulikuwa umemwingia mtu mwilini na kumkuta na jeraha palepale nilipochoma. Nani aliyeniongoza mkono? Kwa dakika nzima nilikuwa mtu mwema. Nina uhakika ilifika dakika nzima.

Kisha nikamwona mwandishi wa gazeti akilia na kuandika. Akiandika Colman Devane. Alikuwa anauliza Devane inaandikwaje!

"Ni mimi niliyeutunga!" nikapiga kelele.

Vichwa mia tatu vikageuka. Colman akanitazama kwa huruma, akasema taratibu, "Malachy, ndugu yangu, juzi tu ulitia sahihi."

Mzee naye akanikazia macho, hatimaye, usoni kabisa, kama alivyoahidi kwenye barua.

"Kijana," akasema, "una kochi mdomoni."

Ilikuwa kweli. Jasho lilikuwa limeyeyusha gundi.

Jumatatu, 9 Mei.

Telegramu kutoka Dublin. Wanamtaka Colman, peke yake, aimbe ukumbi mkubwa na kurekodi santuri kubwa ya nyimbo nyingi. Attracta anakwenda naye na fidla. Banjo haikutajwa.

Attracta amepita kuniaga. Akasema alijua tangu Machi kwamba niliutunga mimi. Nimetumia "sungura" mara tatu katika beti nne, na wazee hawakuwa wavivu hivyo. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akajibu kuwa ulikuwa wimbo mzuri, na alitaka kuona kama siku moja nitausema ukweli bila kusukumwa na wivu. Akaniambia niende kwa mzee nikamweleze: hakuna aliyemsaliti, Dinny hakuimba redioni, ni mimi tu na mvua.

Nilikwenda. Nilifika hadi lango la karakana. Nyundo ilikuwa inagonga, ikasimama. Akasema kwa sauti kutoka ndani, "Ingia, mlango uko wazi." Sauti ya upole kabisa.

Ingekuwa ya hasira ningeingia, nadhani. Nimerudi nyumbani. Naandika haya miguu ikiwa bado na matope, na Mama anauliza kwa nini nimezima redio.

Jumamosi, 21 Mei.

Nimejifunza somo kubwa: usimpe mtu mwingine sifa zako, hata kwa siku mbili.

Habari njema! Nina kundi jipya. Mabango yamebandikwa kutoka Ennis hadi Kilkee: Malachy Crotty na Ndugu wa Boston, waimbaji wawili mashuhuri kutoka Amerika, Ijumaa ijayo. Viti mia nne, na tiketi zinakwenda mbio. Padri amefurahi mno, anataka kuwakaribisha chai Jumanne, kwa kuwa ana shangazi Boston.

Mama ameuliza Wamarekani hao wako wapi. Nikamwambia asijali mambo madogo. Leo mchana nimewaona Wajerumani wawili kituo cha basi, watalii, warefu, meno mazuri, mmoja anapiga mluzi vizuri sana. Hawajui neno la Kiingereza, lakini padri nimekwisha kumwambia kuwa wamefiwa na hawapendi kuzungumza.

Kila kitu kiko tayari. Kilichobaki ni kuwaarifu Wajerumani.