Barua Iliyopigwa Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Siku kumi na mbili kabla ya harusi ya mdogo wangu wa kike. Siku kumi kabla ya ndege. Kadi yangu ya ukaazi imekwisha muda tangu Novemba, na si kosa langu. Niliomba mpya mapema. Ofisi ikanijibu kwa barua: kadi iliyokwisha, ikishikwa pamoja na barua hii, inahesabika mwaka mmoja zaidi. Bila barua, nikienda nyumbani sirudi, na kazi na watoto viko huku. Karatasi yenyewe nyepesi, ina muhuri wa bluu na tayari ina doa la chai. Doa langu.

Mke wangu anasema niitie kwenye bahasha, niiache kama ilivyo. Mimi si mtu wa kuacha vitu kama vilivyo.

Baba hayupo, kaka ni mimi peke yangu. Mdogo wangu ameomba nimshike mkono nimwingize ukumbini. Binamu yetu, tunayemwita Mwenyekiti kwa sababu hakuna kikao asichokikalia, amejitolea kushika nafasi yangu ikitokea dharura. Dharura yake naijua. Ameshashona suti.

Jumanne, 4 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zimesimama. Nimepeleka barua kwa jamaa wa stesheneri karibu na kazini, aitie laminesheni, ile plastiki ngumu ya vyeti. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia afanye kazi yake. Imetoka inang'aa! Hata doa la chai limependeza.

Jioni nimemwonyesha mke wangu. Aliigeuza nyuma, akasoma polepole, akanirudishia huku kidole chake kiko kwenye mstari wa mwisho. Herufi ndogo sana: barua hii isitiwe plastiki, ikitiwa ni batili. Ndani ya plastiki zinasomeka vizuri kuliko mwanzo.

Jumatano, 5 Machi

Mimi ni dobi. Miaka tisa napiga pasi mashuka ya hospitali. Kama kuna mtu wa kutenganisha kitu na kitu kwa joto, ni mimi. Plastiki iliingia kwa joto, itatoka kwa joto. Nikaichana ubavuni kwa wembe, nikaibandua upande mmoja, nikafunika kwa kitambaa cha jikoni, nikapitisha pasi ya mvuke.

Muhuri umehamia kwenye kitambaa. Umetulia vizuri kabisa, ila unasomeka kinyume. Barua imejikunja na nusu ya plastiki bado imeng'ang'ania. Mke wangu ameuliza kama nitasafiri na kitambaa. Nilikuwa nalifikiria hilo, lakini sikumwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya. Barua imepotea. Kitu kikipotea mtu anaonewa huruma, kikipigwa pasi anachekwa. Nimekwenda polisi kuchukua ripoti ya upotevu.

Sajenti wa kaunta akauliza imepotelea wapi. Kwenye basi. Basi gani? Ilikuwa ndani ya nini? Ikabidi nibuni mkoba. Mkoba wa rangi gani? Wa kahawia. Kumbe ni mtu mwenye moyo mwema. Alipiga simu kituo cha mabasi hapo hapo, na sasa kuna madereva watatu wanatafuta mkoba ambao haujawahi kushonwa.

Mke wangu ameniambia niende ofisini niseme ukweli, mficha uchi hazai. Nimemkumbusha kwamba watoto tunao wawili tayari. Amelala ameelekea ukutani.

Jumatatu, 10 Machi

Ofisini tangu saa moja asubuhi. Dirisha la nne, mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Nikamweleza msiba wangu kwa sauti ya chini, mkoba wa kahawia na yote. Nikafungua faili nimpe ripoti ya polisi. Barua ikaanguka mbele yake, na plastiki yake. Nilikuwa nimeibeba kwa ajili ya namba ya kumbukumbu.

Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama aliiokota, akaitazama, akavuta droo. Droo imejaa barua, zote zina plastiki. Akaniuliza kwa upole kama na mimi nilijaribu pasi. Nikasema ndiyo. Akasema aliyepoteza anangoja wiki tatu, aliyeharibu anajaza fomu na kupewa nyingine siku hiyo hiyo. Nilijaza fomu.

Akanionya: hakuna plastiki, na barua na kadi visiachane, kwani kimoja bila kingine ni takataka. Nikamwambia anaongea na mtu mzima.

Alhamisi, 13 Machi

Uwanja wa ndege una wezi, kila mtu anajua. Ukiweka kadi na barua mfuko mmoja, mwizi mmoja anakumaliza. Kwa hiyo barua nimeiweka kifuani, kadi nimeificha kwenye soksi, soksi kwenye sanduku kubwa. Sanduku nikalikabidhi kwenye kaunta, likaenda na mkanda wake. Nilijisikia fundi.

Afisa wa kukagua pasipoti akaipenda barua. Akaomba kadi. Nikamwambia iko kwenye soksi. Akatazama miguu yangu. Nikaeleza soksi gani. Aliniweka kando kwenye kiti cha bati, na mpaka sanduku liliporudishwa, ndege ilikuwa imeondoka.

Nyingine ni kesho usiku, inafika Jumamosi saa sita mchana. Harusi ni saa nne asubuhi. Nimempigia mdogo wangu. Akaniambia tu nisafiri salama. Afadhali angenitukana. Baada ya dakika kumi Mwenyekiti akatuma ujumbe: nisiwe na wasiwasi, suti imemkaa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefika ukumbini saa saba na nusu, shati limekunjamana, mimi dobi. Nilijua nitakuta watu wanakula. Nikakuta wamekaa wanajipepea, na Mwenyekiti mlangoni ndani ya suti, amenuna.

Mdogo wangu alikuwa kwenye gari tangu saa nne. Mwenyekiti alimpa mkono mara tatu, akaukataa mara tatu. Alisema ana kaka mmoja na atamngoja. Shangazi walibembeleza, bwana harusi akaja kuchungulia, bibi harusi akabaki kwenye gari vile vile. Muda wa saa tatu na nusu, kwa ajili yangu na soksi yangu. Nimelia mbele za watu na sioni aibu. Nikamshika mkono, tukaingia.

Jioni wakanikabidhi cheti cha ndoa. Nikitunze mpaka Jumatano watakaporudi kutoka fungate, kisha wakipeleke ubalozini, maana visa ya kumfuata mumewe kazini inataka cheti halisi. Mwenyekiti alijitolea kukitunza. Mdogo wangu akasema hapana, kaka yangu ndiye mtunzaji.

Jumatatu, 17 Machi

Maneno yale yamenikaa moyoni siku mbili. Mtunzaji. Msichana aliningoja kwenye joto na gauni lile zito, nami sikumletea hata zawadi ya maana, kwa sababu sanduku lilipofunguliwa pale uwanjani seti ya vikombe ilivunjika.

Cheti chenyewe ni karatasi laini mno. Asubuhi nimekiona pembeni kimeanza kujikunja. Pale kona kuna stesheneri. Mwenyekiti alikuwa pale anatoa kopi, akanishauri nimwulize mdogo wangu kwanza. Wivu. Nikamjibu kwamba mambo ya barua yalikuwa ya serikali, haya ni ya familia.

Kimetoka kizuri ajabu. Nimekifunga kwa utepe, nitampa Jumatano mbele ya mumewe, na najua atalia. Hata yale maandishi madogo ya nyuma, ambayo jana nilishindwa kuyasoma, sasa yanang'aa.