Mgeni Hutanguliza Mgongo

Jumatatu, 3 Machi

Mgeni kafika! Seremala wa kujitolea kutoka mji rafiki, ng'ambo. Atatengeneza rafu za maktaba yetu. Akimaliza, Chama cha Urafiki kitachagua mtu wetu mmoja wa kwenda kwao kujitolea mwezi mzima. Mtu huyo ni mimi. Begi nimeshanunua. Shemeji, kaka yake mke wangu, nimeshamtangazia. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema nisipopanda ndege, begi ni lake. Nikakubali. Nina wasiwasi gani?

Nilipigania mgeni alale kwangu, si kwa Kinyozi, ambaye naye anaitaka safari. Nikashinda. Mgeni kapewa chumba kizuri. Sisi tumehamia kile kinachovuja.

Tatizo dogo: tuliwahi kufika. Nafungua mlango, nguo za kufua zimetapakaa kila kiti, mke wangu ananifokea kwa macho. Nikamshika mgeni mabega, nikamgeuza. Nikamwambia kwetu mgeni wa heshima huingia kinyumenyume, polepole, akitazama alikotoka. Alifurahi kupita kiasi! Mpaka anageuka, sebule ilikuwa safi.

Mke wangu akauliza jikoni, huyu mtu ana nini. Nikasema ndiyo desturi ya kwao.

Jumanne, 4 Machi

Mgeni kaingia maktaba kwa mgongo. Kapiga teke kopo la gundi. Kisha kaingia kwa Kinyozi vilevile, kinyumenyume mpaka akakaa kwenye kiti cha kunyolea.

Kinyozi akaja mbio dukani ninakouza misumari na rangi. Alitaka kujua ule ni ugonjwa au ni nini. Kwa bahati mbaya mke wangu alikuwa ameniletea chakula. Akajibu kabla yangu: we jirani, hiyo ni heshima ya kwao, usimcheke mgeni wa watu. Kinyozi akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Ningefanyaje?

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Kinyozi kaingia kwangu kwa mgongo! Eti kumfurahisha mgeni. Mgeni akaninong'oneza kwamba jirani yangu anashika mila zetu kuliko mimi. Kweli, mimi niliingia kwa uso, kama mtu mwenye nyumba.

Siwezi kuachwa nyuma. Nikatoka, nikarudi kinyumenyume. Nimeangusha birika tulilopewa na wakwe. Mke wangu kauliza kama na mimi sasa ni mtu wa ng'ambo.

Ijumaa, 7 Machi

Mwenyekiti wetu, muuguzi mstaafu asiyecheka ovyo, katoa agizo. Kuanzia leo wanachama wote kuingia mkutanoni kwa mgongo, kwa ajili ya ndugu zetu. Nani kamshauri? Kinyozi!

Basi tukasongamana mlangoni, visogo kwanza. Mhasibu kamkalia mwalimu wa muziki. Mgeni kafuta machozi. Akapiga picha nyingi za kupeleka kwao, wajue sisi ni watu wa namna gani. Mwenyekiti naye kafurahi kwamba watajua tunawaheshimu.

Wanashukuriana. Sijui nani anamshukuru nani kwa kitu gani.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi kaja kutusalimia. Nikamweleza yote, angalau nipate mtu mmoja anayejua ukweli. Akaniangalia kama niliyetukana. Akasema mbona hiyo ni desturi yetu! Babu yake hakuwahi kuingia ukweni kwa uso hata siku moja. Ninyi vijana ndio mmeitupa.

Nikamkumbusha kwamba niliibuni mimi, Jumatatu, kwa sababu ya nguo za kufua. Akasema mwanangu, huna akili hiyo.

Sasa mimi mwenyewe sijui. Labda sikubuni. Labda nilikumbuka.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya uchaguzi. Mwenyekiti kasema ataenda yule anayezijua vizuri desturi za wenzetu. Nikapiga hesabu. Humu ndani mwenye uhakika kwamba kwao hawaingii kwa mgongo ni mimi peke yangu. Safari hii nitaishinda kwa ukweli!

Kinyozi kaingia kwa mgongo, bila kugusa kiti hata kimoja. Kafanya mazoezi, msaliti. Mimi nikaingia kwa uso, kifua mbele. Nikatangaza kwamba kwao watu huingia kama sisi tu, na wote humu wamepotoshwa. Sikutaja na nani.

Wakati huohuo skrini ikawaka. Wenzetu wa mji rafiki walikuwa wanakuja hewani kutusalimia. Mlango wao ukafunguka. Wakaanza kuingia mmoja mmoja.

Kwa mgongo! Wote! Hata mzee mwenye mkongojo!

Ni zile picha. Najua ni zile picha. Lakini nani wa kunisikiliza? Ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi, mgeni akiongoza huku akilia. Mwenyekiti akaniuliza, haya mwanangu, unasemaje? Nikasema naomba kuingia upya. Nikatoka, nikarudi kinyumenyume kwa kasi ya toba, nikaivaa rafu mpya ya mgeni, iliyoletwa ukumbini ikauke. Ilikuwa haijakauka vanishi.

Kachaguliwa Kinyozi. Mimi nilipata kura moja. Mwandiko ni wangu.

Jumamosi, 15 Machi

Kinyozi kaondoka na mgeni. Begi la Kinyozi nililifahamu kwa mbali. Shemeji alilichukua jana kama tulivyokubaliana, akamwazima. Alikuja mpaka uwanja wa ndege ili anione ninavyoliangalia. Kinyozi aliingia mlango wa abiria kwa mgongo, akitupungia mkono mpaka askari alipomgeuza.

Mwenyekiti akatupa habari. Wenzetu wamefurahi mno, mwezi ujao wanatuma watu wanane. Na safari ya pili ipo: atakayewakirimu vizuri zaidi ndiye atakayekwenda. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nimechukua wawili!

Mke wangu kauliza watalala wapi, wakati sisi tumesharudi chumba kizuri na kilichobaki ni kile kinachovuja. Nimemwambia atulie. Kwetu mgeni wa heshima hulala na mwavuli uliofunguliwa.

Nimempigia Shangazi kuhakikisha. Anasema Babu hakuwahi kulala bila mwavuli.