Bakuli la Afya na Ngazi ya Kilo Tisini na Tano

Jumatatu, 4 Machi

Nimepimwa. Kilo tisini na nane. Nikamweleza muuguzi wa kiwanda kwamba viatu vyangu ni vya kazi, vina chuma mbele. Akaniambia nivivue. Nikavua. Bado tisini na nane. Nikashika tama.

Kisa chenyewe ni ngazi. Mimi ni mchanganya rangi, mwaka wa kumi na tisa sasa katika kiwanda hiki. Hakuna rangi ya ukuta inayotoka hapa ambayo jicho langu halijaipitisha, na majina yake nayatunga mwenyewe: Kijivu Kisichojali, Njano ya Mama Mkwe, Samawati ya Jumapili. Ili kumimina unga wa rangi kwenye tangi kubwa lazima upande ngazi. Wiki iliyopita kipandio cha tatu kilikatika nikiwa juu yake. Nikaning'inia kwenye ukingo wa tangi la rangi nyeupe kama shati lililoanikwa. Msimamizi akaja na tochi, akasoma kibandiko cha ngazi: mwisho kilo tisini na tano. Nikapendekeza itafutwe ngazi nyingine. Akapendekeza nitafutwe mimi mwingine.

Hukumu: nifike tisini na tano ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo. La sivyo, nahamia chumba cha vifuniko. Huko unakaa kwenye kigoda na kupanga vifuniko vya makopo, vyote rangi ya bati. Hakuna dirisha. Na meza yangu ya kuchanganyia anapewa shemeji.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Kazi hii nilimwombea mimi, kwa mdomo wangu huu huu. Ana kilo sitini na mbili, pamoja na funguo zilizo mfukoni.

Muuguzi amenipa karatasi ya chakula cha mchana. Bakuli la afya, imeandikwa juu kwa herufi kubwa. Robo nafaka isiyokobolewa, robo protini, nusu mboga za rangi mbalimbali, na juu yake sosi ya kutengeneza nyumbani. Kila siku saa saba atapita kukagua.

Rangi mbalimbali. Hapo moyo ukatulia. Kwenye rangi nani ananiweza?

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka alfajiri kupika mwenyewe. Mke wangu akauliza kutoka kitandani kama ni wezi. Nikamwambia ni afya. Akageukia ukutani.

Mtama, kidari cha kuku, karoti, kabichi la zambarau, tango, nyanya. Kuku alichemka vizuri. Mboga nikazikata na kuzipanga kwa mfuatano wa rangi, kutoka joto hadi baridi, kazi safi kabisa. Mtama ndio ulionivunjia heshima. Kumbe hulowekwa usiku kucha. Mimi niliuchemsha dakika kumi nikaona inatosha, kwa sababu ulikuwa umeshapata rangi nzuri.

Saa saba muuguzi akatazama, akaandika kwenye daftari lake: amejitahidi. Akauliza sosi iko wapi. Sikuwa na sosi.

Shemeji alikuwa kaketi mbele yangu na bakuli lake. Analeta bakuli la namna hiyo kila siku, tangu azaliwe nadhani. Juu yake kuna sosi ya rangi ya machungwa iliyofifia, laini, inateleza pole pole kwenye kuku. Nikamwomba anifundishe. Akatabasamu, akasema, "Siri za jikoni hizo, shemeji. Wewe endelea kutafuna kokoto zako, ngazi inakusubiri." Meza nzima ikacheka, hata yule dereva wa lori ambaye huwa hacheki.

Nilitafuna mtama hadi saa nane na robo. Taya limevimba. Muuguzi hakuniuliza kuhusu taya.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimetumia akili.

Shemeji alipokwenda kunawa mikono, nikachovya ncha ya kijiti kwenye sosi yake na kuipaka juu ya kadi nyeupe, kama tunavyofanya na sampuli ya mteja. Nikaiacha ikauke. Nikailinganisha na kitabu cha rangi. Namba 214, Machweo ya Mstaafu. Ni rangi yangu mwenyewe, niliitunga miaka sita iliyopita.

Basi kazi imekwisha, nikajiambia. Mtu anayejua namba hahitaji kuambiwa siri.

Jioni nikafunga mlango wa jikoni. Haradali vijiko viwili kwa msingi. Nyanya ya kopo ili kuipa rangi joto. Ikawaka mno, nikaituliza kwa maziwa. Ikapauka. Manjano kidogo. Bado ilikuwa na ubuluu fulani kwa ndani, nikaukata kwa kahawa. Mwisho tone moja la dawa ya kikohozi, ile nyekundu, na hapo ikakaa. Nikaipeleka chini ya taa na ile kadi. Hakuna binadamu ambaye angeweza kuzitofautisha.

Nikamwita mke wangu aonje. Akaonja. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama ni ya ukuta wa ndani au wa nje.

Alhamisi, 7 Machi

Muuguzi ameisifu. Akasema sosi inavutia, akamwita na karani aje aone. Shemeji akanyoosha shingo, akaitazama, akatazama ya kwake. Nilifurahi mno hadi nikasahau kwamba sasa ingebidi nile.

Nikatia kijiko kimoja mdomoni. Sitaeleza zaidi. Macho yalitoa machozi, la kushoto kwanza.

Muuguzi alipoondoka nikalifunika bakuli, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikanunua viazi vya kukaanga na soseji mbili, nikavila nyuma ya makopo ya rangi nyeupe. Huko ndiko wazo lilikonijia. Muuguzi haonji. Muuguzi haulizi. Muuguzi anatazama tu, anaandika, anakwenda zake. Sasa kwa nini nipike kila alfajiri kitu ambacho kazi yake ni kutazamwa?

Ijumaa, 8 Machi

Vanishi ya maji juu ya bakuli zima, mikono mitatu, yaani tabaka tatu.

Sijapata kufanya kazi nzuri kama hii. Mboga nilizikausha kwa kitambaa kwanza, maana vanishi haikubali unyevu. Nikapanga mtama robo, kuku robo, mboga nusu, kwa kipimo cha karatasi. Kuku nilimpaka rangi ya mbao, mninga hafifu, akaonekana ametoka motoni sasa hivi. Mkono wa kwanza vanishi isiyong'aa, wa pili na wa tatu inayong'aa, kwa nyanya hasa. Sosi namba 214 nikaimimina katikati, nikaifunga juu kwa tabaka zito. Kati ya mkono na mkono nikaliweka mbele ya feni.

Saa saba muuguzi alisimama mbele ya lile bakuli kama mtu aliyeona ndugu yake wa zamani. Akasema mboga zangu zinang'aa, inaonekana naziosha vizuri. Nikamwambia naziosha sana.

Viazi, soseji tatu. Nimekula kwa amani.

Jumatatu, 11 Machi

Bakuli limelala kiwandani tangu Ijumaa, kwenye rafu ya brashi. Halijabadilika hata chembe. Nzi ametua kwenye tango, akateleza, akaondoka akiwa amefedheheka.

Muuguzi ameandika: mfano wa kuigwa. Shemeji ameandikiwa: vizuri. Vizuri tu, bila mfano. Kutwa nzima nilikuwa nampigia mluzi mbele ya meza yake. Akanitazama kwa jicho la kando, akauliza mbona siku hizi nabeba bakuli kwa kulishika ukingo mmoja, kama sahani tupu, na halimwagiki. Nikamjibu mwenye mkono thabiti haambiwi. Akasema hewala, shemeji.

Jumanne, 12 Machi

Siku mbaya.

Muuguzi amemleta msimamizi aone mfano wa kuigwa. Msimamizi alikuwa hajala tangu asubuhi. Sikulijua hilo. Nilikuwa nimeanza kueleza umuhimu wa kabichi la zambarau alipoinama, akashika kipande cha karoti kwa vidole viwili, akavuta.

Karoti ikapanda. Kuku akapanda nayo. Mtama ukapanda, nyanya zikapanda, na bakuli lenyewe likapanda, vyote kwa pamoja, vikaning'inia hewani chini ya vidole vya msimamizi. Msimamizi akaligonga kwa ukucha. Ko, ko. Akaligeuza juu chini. Halikudondosha hata punje.

Nikasema huenda sosi imeganda.

Shemeji alilala juu ya meza kwa kicheko, akashindwa kupumua, ikabidi muuguzi ampige mgongoni. Msimamizi hakucheka. Alilinusa, akauliza vanishi ni yetu au ya kiwanda kingine. Nikasema ni yetu. Akauliza mikono mingapi. Nikasema mitatu. Akatikisa kichwa, nadhani kwa heshima kidogo, kisha akasema Ijumaa mzani ndio utakaosema, na habari ya kutazamana mabakuli iishe.

Zimebaki siku tatu. Nimejipima kwa siri chumba cha muuguzi: tisini na nane na nusu. Soseji hizo.

Jioni shemeji akaja nyumbani. Nilidhani amekuja kunicheka mbele ya dada yake, nikajifanya nasoma gazeti. Kumbe amekuja kurudisha kopo. Kopo la sosi. Mke wangu akalipokea, akalisuuza, akalijaza tena sosi ya machungwa iliyofifia kutoka kwenye chungu kilichokuwa jikoni kwangu, nyuma ya unga, na akampa.

Niliweka gazeti chini. Nikauliza tangu lini. Mke wangu akasema tangu mdogo wake apate kazi, kila wiki mara mbili. Nikamuuliza mbona hajaniambia. Akasema, "Baba watoto, hukuniuliza. Uliniuliza kama yako ni nzuri."

Shemeji naye akaona haya, nadhani kwa mara ya kwanza maishani. Akasema ile siri ya jikoni ilikuwa mzaha tu, akavua koti, tukaingia jikoni watatu. Mtama ukalowekwa. Karanga zilizokaangwa zikasagwa hadi zikatoa mafuta, zikakorogwa na maji ya uvuguvugu, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili moja nyekundu. Hiyo nyekundu ndiyo niliyokuwa naitafuta kwa dawa ya kikohozi.

Jumatano, 13 Machi

Nimekula bakuli la kweli. Mtama laini, kila punje peke yake. Kuku wa kuchoma na ndimu. Karoti mbichi zinazolia mdomoni. Na ile sosi. Nimeishi miaka hamsini na moja bila kujua kwamba kabichi lina ladha.

Shemeji akaniuliza naonaje. Sikuweza kujibu, nilikuwa nimejaza mashavu.

Nimesoma tena karatasi ya muuguzi, mara hii pande zote mbili. Inasema bakuli hili hupunguza uzito. Nikapiga hesabu. Kama bakuli moja linapunguza, na mimi nina siku mbili tu, jibu liko wazi. Nikaongeza la pili saa kumi na la tatu wakati wa chai ya jioni.

Alhamisi, 14 Machi

Mabakuli sita. Sikubaki nyuma hata kidogo. La kwanza kabla ya kupiga mswaki, la mwisho nikiwa nimesimama. Sosi nimeongeza mara mbili, maana nguvu iko kwenye sosi. Mke wangu aliuliza kama nina uhakika. Nikamwonyesha karatasi. Akasema, "Nimeona karatasi, sijaona sita." Akatoka kwenda kusaga karanga nyingine.

Najisikia mzito, lakini ni ule uzito wa uzito unaotoka. Mtu hujua mwili wake.

Ijumaa, 15 Machi

Mia moja na nusu kilo.

Muuguzi alipanda mzani mwenyewe kuhakikisha kwamba haujaharibika. Haujaharibika. Akanikalisha, akaniomba nimweleze nilichokula, na nikamweleza kwa fahari, bakuli kwa bakuli. Kufikia la nne akavua miwani. Akasema karanga ni mafuta, baba. Akasema nafaka ni nafaka hata ukiiita dawa. Akasema, na akarudia taratibu kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya barabara: bakuli moja. Mchana bakuli moja. Basi.

Msimamizi akanikabidhi ufunguo wa chumba cha vifuniko. Mwezi mmoja, kisha nipimwe tena. Shemeji alipanda ngazi saa tano asubuhi, akamimina rangi vizuri sana, akashuka, akaja kuniuliza kama Kijivu Kisichojali ni vijiko vinne vya nyeusi au vitano. Nikamwambia vinne na nusu, na asimwambie mtu. Akanishika bega. Kijana si mbaya.

Jumatatu, 18 Machi

Siku ya kwanza chumba cha vifuniko. Rangi ya bati kila upande. Nimeshaipa jina, Subira ya Shemeji, lakini hakuna wa kumwambia.

Bakuli moja, amesema muuguzi, na mimi neno la mtaalamu nalishika. Sitavuka bakuli moja. Ila nimekaa hapa kigodani asubuhi nzima, nimelipitia lile agizo mbele na nyuma, na hakuna mahali alipotaja ukubwa.

Mchana nimepita duka la vyombo. Mabakuli yao yote ni ya watoto. Nyuma kabisa, chini ya mifagio, nikaona la bluu, la plastiki, lina mishikio miwili. Muuzaji akaniuliza kama nataka beseni la kufulia au la kuogea.

Nikamwambia la afya.