Mtaalamu wa Meza za Tibeti Aja Kuposa Mkula

"Shemeji, hawa Watibeti, meza zao fupi hivi, wenyewe wanakaa juu ya nini?"

Nilimwuliza Leodegar swali hilo mwaka 1952, nikiwa darasa la tatu, siku aliyokuja kwetu Mkula kumposa dada yangu Natalia. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeuliza kabla ya wakati wake.

"Hilo liko Sura ya Tisa," akasema.

Sura ya Tisa alikuwa bado hajaiandika.

Asiyemjua Leodegar amjue sasa. Katika Tanganyika nzima, toka Ziwa Viktoria mpaka mto Ruvuma, yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa samani za kale za Tibeti. Hakuna aliyempinga. Wa kumpinga angetoka wapi? Alikwenda vitani Burma na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akaugua, akalazwa katika mji mmoja wa milimani kule India, ambako wafanyabiashara wa Kitibeti hupita na mizigo yao. Wenzake walirudi na mablanketi na makoti. Leodegar alirudi na daftari.

Lilijaa picha za meza, makasha na makabati, kila ubao na kipimo chake, na juu limeandikwa kwa wino mwekundu: Samani za Tibeti, Asili, Aina na Maungio Yake. Alikuwa seremala pale Lumemo, lakini ukimpelekea kiti kilichovunjika mguu, alikusomea kwanza Sura ya Pili. Watu wa Lumemo wakajifunza kukalia viti vya miguu mitatu.

Siku ya posa alifika na mshenga wake, Bwana Hilari, na nyuma ya baiskeli amefunga kitu kama ubao wa kufulia. Akakishusha, akakifungua bawaba. Ta! Ta! Ta! Kikawa meza, kazi ya mikono yake! Nyekundu, haifiki hata gotini kwangu, na mbele imechorwa mnyama wa kijani mwenye masharubu.

Baba yangu, Mzee Polikarpo, aliinama akamchunguza mnyama yule kwa muda mrefu.

"Kambale huyu kapata wapi miguu?"

"Ni joka la mawinguni, baba. Kule ni alama ya heshima."

"Ana masharubu ya kambale."

"Hapo watafiti tunatofautiana," akasema Leodegar.

Baba hakucheka. Usiku wa jana yake alikuwa ametuambia wazi kwamba mpunga haulimwi kwa daftari, na kwamba kama kijana huyu hawezi kutengeneza hata kitu kimoja cha kusimama, atarudi kwao na sura zake zote. Mimi nilisimama mlangoni, na Natalia alikuwa amejificha nyuma ya mlango, ananibana bega mpaka linauma.

"Na hii inakunjwa kwa nini?" baba akauliza.

"Ibebwe na yaki, baba. Ni ng'ombe wa kule, manyoya yake yanafika kwatoni."

"Na uimara wake?"

"Baba! Maungio haya yanabeba yaki watatu!"

Natalia akaliachia bega langu.

Hapo hapo mama akatoka jikoni na kikombe chake cha chai, kuja kumsalimu mshenga. Sasa kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake, wala hamsemeshi, hata kama bado anaposa tu. Leodegar akageukia ukuta mara moja, adabu tele.

Mama yangu si mwanamke mdogo. Akiingia mtumbwini, mpiga kasia husubiri kwanza aone maji yameishia wapi. Alitazama huku na huku akitafuta pa kukaa, akaona kitu kifupi, bapa juu. Kwetu kitu kifupi, bapa juu, ni kigoda.

Akakaa.

Bawaba ikalia: nyiii.

Leodegar aliisikia. Niliona shingo yake inakakamaa. Kumsemesha mama hawezi! Kusema meza itavunjika hawezi, maana yaki watatu wamekwisha kutajwa!

"Bwana Hilari," akauambia ukuta, "mwambie baba amwambie mama kwamba, kwa mujibu wa Sura ya Nne, hapo huwekwa kikombe."

Hilari akamwambia baba. Baba akamwambia mama, aliyekuwa hatua mbili tu na amesikia yote.

"Mwambieni mwenye sura zake," akasema mama, "kikombe nimekishika."

Nyiiii.

"Bwana Hilari! Mwambie baba amwambie kuwa joka halikaliwi!"

"Mwambieni kambale avumilie."

Ta!

Leodegar alifumba macho kwa heshima, akaruka kinyumenyume kama chura, akafika chini kabla ya mama. Mama akamshukia mgongoni. Meza ikajikunja yenyewe, safi, tayari kwa safari.

Amemgusa mama mkwe! Hilari akajishika kichwa. Baba alisimama. Nyuma ya mlango Natalia akaanza kulia.

"Baba, sikumwona," ilisema sauti kutoka chini. "Naapa, macho nimefumba mpaka sasa."

Mama hakuwa na haraka ya kuinuka. Alichungulia kikombe chake. Hata tone halikumwagika. Akanywa kidogo, akafikiri.

"Mwambieni," akasema, "meza yake hapana. Ila mwenyewe anabeba."

Posa ikapita. Leodegar alilima mpunga wa mama misimu miwili, na kwa kosa la kumgusa akaamriwa atengeneze vigoda sita vya mvule, bila sura hata moja. Leo watu wanatoka mbali, hata Masagati, kufuata vigoda vyake, na wengi hawajawahi kusikia kwamba kuna Tibeti.

Mimi sasa niko darasa la nane. Likizo hii nilikwenda kwao Lumemo, nikamkuta anapiga randa, mwanawe wa pili amemlalia begani. Nikamwuliza tena lile swali langu.

Alitazama kwanza kama Natalia yuko karibu.

"Ningekujibu siku ile, dada yako ningemkosa."

"Dada umekwisha kumpata. Haya, wanakaa juu ya nini?"

"Sijui, shemeji," akasema. "Niliingia dukani kwa mmoja wao, mwenyewe amesimama, akanikaribisha kwa mkono. Nikakaa juu ya meza. Ikavunjika. Ndipo nilipoanza kuisoma."