Sheria ya Kusimama ya Mji wa Lamberly

Inatangazwa kwa akina mama wote, wa karibu na wa mbali, kwamba mji wetu wa Lamberly, jimbo la Georgia, umemaliza kabisa suala la usawa baina ya weusi na weupe. Ulitumia wiki nne, na haukulazimika kumpenda mtu yeyote. Uliondoa viti.

Naandika haya kama onyo. Jina langu Odessa Tillery. Nilisoma mpaka darasa la sita, halafu pamba ikahitaji mikono, basi mkikuta koma imekaa mahali pasipo pake mnisamehe. Nimekuwa mfagiaji na mpika kahawa wa jumba la mji kwa miaka kumi na tisa. Kila uamuzi mkubwa wa Lamberly umepitishwa mimi nikiwa humo humo chumbani na birika mkononi, na kila mara kumbukumbu za kikao zimeandikwa, "Hakukuwa na mtu mwingine." Sijawahi kupinga. Serikali ina macho yake.

Binti yangu Verlene ana miaka kumi na saba na anataka kuwa muuguzi. Chuo kimoja cha Atlanta kilimpangia mtihani tarehe tisa Juni, na mtihani wote unatoka kwenye kitabu kimoja, kinene kama matofali mawili, chenye sura ishirini na mbili. Wilaya yetu nzima inacho kimoja tu. Kipo Maktaba ya Mji, kwenye rafu ya vitabu visivyoazimwa. Mimi nakifahamu kwa nje. Nimekipangusa vumbi kila Alhamisi. Kwa ndani ilikuwa shida, kwa sababu mtu mweusi aliruhusiwa kuingia maktaba hiyo akiwa ameshika ufagio tu.

Mwisho wa Aprili jaji wa shirikisho akaamuru ifunguliwe kwa kila mkazi, kuanzia Jumatatu ya tarehe saba Mei.

"Mama, Jumatatu naenda," Verlene akaniambia huku anakata bamia.

"Subiri wiki moja. Waende watoto wa watu wengine kwanza. Yule kijana wa mchungaji ana mbio nzuri."

"Mtihani hausubiri."

"Na mimi nikifukuzwa kazi?"

"Sema hunijui."

"Una pua yangu, Verlene. Nani ataniamini?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Kaka yangu alishindana maneno na karani mmoja wa mji huu mwaka wa arobaini na tisa, juu ya kujiandikisha kupiga kura, na tangu hapo tunamwandikia barua Detroit.

Jumanne saa nane mchana baraza likakutana. Mwenyekiti wetu ni Bwana Wendell Stubblefield, mwenye duka la chakula cha mifugo, mtu mzito mwenye ugonjwa wa jongo katika mguu wa kulia. Pembeni yake alikaa Bwana Loomis, mwanasheria wa mji, mwembamba kama kalamu yake.

"Jaji kasema tufungue," Bwana Stubblefield akaanza. "Sisi si wahuni. Tutafungua. Lakini amri yake nimeisoma mara mbili. Inataja mlango. Inataja vitabu. Viti haikuvitaja."

Bwana Loomis akafungua kalamu yake.

"Ukiondoa viti," akaendelea, "hakuna mtu wa kukaa na mtu. Kusimama hakuna ujirani."

"Vizuri sana," Loomis akasema. "Ila sheria isitaje rangi. Ikitaja rangi, jaji ataichana kabla hajala chakula cha mchana. Wala isitaje maktaba peke yake, maana atajua tunamlenga nani. Tuandike 'jengo lolote la mji.'"

"Lolote?"

"Ni neno tu, Wendell. Linapendeza mahakamani."

Diwani mmoja akauliza kama weusi hawataudhika. Bwana Stubblefield akanigeukia. Yeye huniita Shangazi, ingawa kwa taarifa tulizopewa upande wetu hatuna undugu.

"Shangazi, watu wako wataudhika?"

"Sisi kusimama tumezoea, bwana. Nikuongeze kahawa?"

"Mnaona," akawaambia wenzake.

Ikapita Sheria Ndogo Namba Arobaini na Moja, ya Kulinda Uti wa Mgongo wa Raia: katika jengo lolote la mji hakitakuwepo kitu chochote cha kukalia. Waliipitisha kwa kura zote, wakiwa wamekaa.

Jumatatu maktaba ikafunguliwa, haina kiti hata kimoja, kama ukumbi wa dansi. Verlene akaingia saa tisa na nusu akitoka shule, akachukua kitabu chake, akasimama karibu na dirisha mpaka saa kumi na mbili. Huyu mtoto amepiga pasi kwenye duka la udobi la Bi Rowena tangu ana miaka kumi na miwili, saa kumi kwa siku kila likizo. Kusimama akisoma kwake ilikuwa mapumziko.

Upande wa pili hali ilikuwa tofauti. Chama cha Wanawake Wasomaji, chini ya Bi Hattie Crenshaw, mwenye miaka sabini na minane, kilifika kama kawaida yake. Baba yake ndiye aliyetoa kiwanja cha maktaba. Alipokuta hakuna viti alirudi nyumbani, akaleta kigoda cha kukunja cha kuvulia samaki. Askari Dewey Pruitt, aliyepewa jukumu la kusimamia kusimama, akamwendea.

"Naomba hicho kigoda, bi."

"Dewey Pruitt, mimi nimekufundisha Shule ya Jumapili."

"Ndiyo, bi. Naomba kigoda."

"Sasa nitakaa wapi?"

"Hukai, bi. Ndiyo maana yake."

Bi Crenshaw akaegemea meza. Jambo hili halikuwa limetazamiwa, kwa hiyo iliundwa Kamati ya Kusimama, ambayo baada ya siku mbili za utafiti iliamua kwamba kuegemea ni kukaa ambako hakujakamilika. Dewey akapewa kipimo cha fundi seremala ili apime wananchi mgongoni. Meza zikaondolewa. Kwenye vizingiti vya madirisha zikapigiliwa mbao za mshazari, ili atakayejaribu kukaa ateleze.

Verlene akawa anakibeba kitabu mkononi. Jioni moja nilimwona akifungua kopo la maharage, mkono wa kushoto umeota msuli kama wa mhunzi.

"Uko sura ya ngapi?" nikamuuliza.

"Ya tano. Mishipa ya miguu inavyovimba kwa watu wanaosimama sana."

"Na yako je?"

"Yangu mizima. Ya Dewey ndiyo naifuatilia."

Wiki ya pili wanawake wa Bi Crenshaw wakaacha kuja, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na goti lake. Wakabaki wanafunzi wetu sita, wamesimama kama nguzo, na mtunza maktaba, Bi Mabry, aliyekuwa akivua viatu nyuma ya kaunta. Kamati ilipopata takwimu ilishtuka. Maktaba ya weupe ilikuwa sasa na wasomaji weusi watupu, matokeo ambayo hayakuwemo kwenye mpango kazi.

Ndipo tarehe ishirini na mbili ikapitishwa nyongeza: kwa kuwa kusimama muda mrefu kunadhuru miguu, na kwa kuwa mji unaijali miguu ya kila raia bila ubaguzi, hakuna mtu atakayebaki ndani ya jengo lolote la mji zaidi ya dakika kumi na tano kwa siku.

Kesho yake Verlene alirudi nyumbani mapema. Aliweka mikono mezani akaitazama.

"Dakika kumi na tano, Mama. Nikishafungua ukurasa nikapata pale nilipoishia, Dewey ananigusa bega."

"Uko wapi?"

"Sura ya saba. Katikati."

"Basi, mwanangu. Utafanya mwakani."

"Mwakani watakuwa wametoa na vitabu."

Nikaitazama na mimi ile mikono. Kazi yangu yote ya umama ilikuwa kumfundisha asionekane, na sasa niliona nilikuwa namsaidia Dewey.

Jumatatu asubuhi Bwana Loomis akaniita ofisini kwake. Alikuwa na rundo la nakala za sheria na nyongeza yake. Afisa wa mahakama alikuwa anakuja Ijumaa kukagua, na yeye Loomis ameshamwandikia jaji, kwa kiapo, kwamba sheria inatekelezwa kwa watu wote katika kila jengo.

"Tundika hizi kote, Shangazi, na uhakikishe kila kitu kiko kama sheria inavyotaka."

"Kila kitu, bwana?"

"Kila kitu."

"Kila jengo?"

Akashusha miwani. "Unajua kusoma?"

"Mpaka darasa la sita, bwana."

"Basi soma, ufanye kama ilivyoandikwa."

Nataka ieleweke kwamba mimi si mtu wa fujo. Mimi ni mwoga, na mtu mwoga hutekeleza sheria yote.

Nilianza na jela, kwa sababu iko karibu na stoo yangu. Nikatundika nakala, nikatoa mabenchi. Ndani alikuwemo Purvis Tate, mlevi, mzungu, aliyeletwa Jumapili kwa kumpiga farasi wa mtu ngumi. Akaisoma nakala polepole kupitia kwenye nondo.

"Dewey," akaita. "Niko humu tangu jana. Hizi ni dakika kumi na tano, au mimi bado nimelewa?"

Dewey akasoma. Akasoma tena, akaangalia saa. Akamfungulia.

Jumanne nikapanda chumba cha baraza. Viti kumi na viwili vikashuka stoo. Kile cha ngozi cha Bwana Stubblefield, chenye magurudumu, kilishuka ngazi chenyewe. Nilipomaliza nikafika kwenye choo cha kukaa cha ghorofa ya pili, chenye mlango ulioandikwa "Waheshimiwa." Nikasimama pale, nikaisoma sheria upya, nikitafuta mahali pa kukiruhusu. Kitu chochote cha kukalia. Nikarudi stoo kuchukua bisibisi.

Saa nane waheshimiwa wakaingia, wakabaki wamesimama katikati ya chumba kama watu waliokosea msiba.

"Viti viko wapi?" Bwana Stubblefield akauliza.

"Stoo, bwana. Namba Arobaini na Moja."

"Virudishe."

"Usimwambie hivyo," Loomis akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nimeapa kwa jaji kwamba inatekelezwa kila jengo. Afisa anakuja Ijumaa. Akikuta viti huku, na kule maktaba hakuna, sheria ni ya rangi, na mimi ni mwongo wa kiapo."

"Ulisema ni neno tu."

"Ni neno tu. Ndilo nililoliapia."

Bwana Stubblefield alihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, akakumbuka ni upi unaouma, akarudi haraka. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa arobaini na tatu.

"Huyu afukuzwe."

Nikaliweka birika sakafuni. 

"Ukimfukuza utaandika sababu," Loomis akasema. "Sababu ni kwamba alitii sheria yako. Jaji ataifurahia sana hiyo barua."

Mwenyekiti akaomba radhi, akatoka kwenda kule kwa Waheshimiwa. Tukasikia mlango.  Diwani mmoja akaanza kusoma dari. Bwana Stubblefield aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyeiona serikali kutoka upande ambao hakuutarajia.

"Zimebaki dakika ngapi?" akauliza.

"Nne kati ya kumi na tano, bwana," nikasema.

Katika dakika hizo nne Baraza la Mji wa Lamberly likafuta Sheria Namba Arobaini na Moja, likafuta nyongeza yake, likavunja Kamati ya Kusimama, na likampongeza mwenyekiti kwa kuleta viti mjini.

Onyo langu basi, akina mama, ni hili. Mji wenu ukianza kutunga sheria ya kumkomoa mtoto wa mtu, msijichoshe kwa kelele. Ombeni kazi ya kuitundika.

Ijumaa afisa wa mahakama akaja, na pamoja naye mpiga picha wa gazeti la Atlanta, aliyeitwa na baraza lenyewe ili nchi nzima ione ukarimu wetu. Picha ilikuwa imepangwa hivi: Bwana Stubblefield amekaa kwa utulivu katikati ya wasomaji wa rangi zote. Lakini mji mzima ulikuwa umesikia viti vimerudi. Bi Crenshaw alikuja na chama chake chote. Wanafunzi wetu walikuja na dada zao. Hata Purvis Tate alikuwepo, anasoma kitabu cha farasi. Kiti cha bure hakikuwepo hata kimoja.

"Mheshimiwa," mpiga picha akasema, "nahitaji ukae, vinginevyo unaonekana kama mlinzi."

Bwana Stubblefield akatazama huku na kule. Mtu wa karibu naye alikuwa Verlene. Zilikuwa zimebaki siku nane kabla ya mtihani.

"Binti," akamwambia, kwa upole aliokuwa ameuandaa kwa ajili ya picha, "utakaa hapo muda mrefu?"

Verlene hakuinua macho. "Nikimaliza sura ya ishirini na mbili nitakupisha, bwana."

"Sasa uko ya ngapi?"

"Ya tisa," mwanangu akasema, akafungua ukurasa.